Kila nikitoka saluni kwa wifi, rangi ya nywele imepungua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, ninaishi Moshi na ninauza vitenge na kanga katika duka dogo karibu na stendi. Ninaandika kuhusu nywele, na ninaomba usinicheke, kwa sababu jambo lililoanza kama la urembo sasa linaninyima amani kwa upande wa ukweni.

Mwezi wa tano nilikwenda Arusha kumsaidia mdogo wangu maandalizi ya ndoa yake. Tukiwa huko tuliingia saluni moja, na msusi akanishawishi niweke rangi ya damu ya mzee. Kwa kuwa nywele zangu ni nyeusi sana, alipaka kwanza blichi kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha, kisha akaweka rangi yenyewe. Nilipojitazama kwenye kioo sikuamini kwamba ni mimi. Hata mume wangu, ambaye naweza kunyoa upara akamaliza wiki hajagundua, alisema nimependeza.

Nywele zangu zina dawa ya kulainisha, na kwa miaka sita anayezitunza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye saluni mtaa wa pili kutoka kwetu. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi jioni, ananiosha kwa shampuu mara mbili, ananifanyia tritimenti, ananistimu kwa nusu saa, ananiweka rola na kuniingiza kwenye draya, na mwisho ananinyoosha kwa pasi. Hanitozi zaidi ya gharama ya vifaa. Nilipojifungua mtoto wa pili na nywele zikawa zinapukutika, ni yeye aliyezirudisha. Aliponiona na rangi alinyamaza kidogo, kisha akasema mbele ya wateja: “Haya, wenzetu siku hizi mna wasusi wa Arusha.” Sikujibu kitu. Hakuniuliza niliwekewa nini, nami sikumwambia habari ya blichi. Hadi leo nadhani anajua ni rangi tu.

Tangu hapo nimekwenda kwake mara nne. Mara ya kwanza taulo lake jeupe liligeuka la waridi. Mara ya pili na ya tatu niliona ung'avu unaondoka. Juzi, mara ya nne, nilitoka na nywele za rangi ya kutu, na hapa mbele zinaelekea kuwa za chungwa. Kwa kuwa kazi yangu ni nguo, nilifanya kama tunavyofanya kwa kanga mpya inayochuja: niliziloweka katika maji ya chumvi, na safari nyingine katika maji ya siki. Havikusaidia, na chumvi ilizifanya ngumu kama katani. Mdogo wangu anasema kosa lilianzia kwenye maji ya Arusha yenye floraidi, ndiyo maana rangi haikushika tangu mwanzo.

Linaloniumiza zaidi ni hili. Mteja mmoja wa pale saluni alininong'oneza kwamba wifi ananiosha kwa maji ya moto na kwa shampuu kali ya galoni makusudi, ili rangi ya Arusha itoke. Sitaki kuamini, lakini kila nikikaa kwenye kiti chake naona kama mikono yake inasugua kuliko zamani.

Sendofu ya mdogo wangu ni baada ya wiki tatu, na mimi nitakaa naye meza ya mbele, kwenye picha zote. Wifi naye atakuwepo. Amekwisha kuniambia kwamba Jumamosi ijayo ataniwekea retachi, yaani dawa kwenye nywele mpya zilizoota. Nikiacha tritimenti, naogopa nywele zitakatika kama mwanzo. Nikiendelea, rangi inakwisha. Nikihamia saluni nyingine, kabla ya jua kuchwa ukoo mzima utakuwa umeshajua, kwa maana Moshi ni ndogo. Nifanye nini, Shangazi?

Nywele za Kutu, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheki hata kidogo. Mtu aliyewahi kushika nywele zinazobaki mkononi baada ya kujifungua hawezi kuambiwa kwamba nywele ni jambo dogo, na mtu anayekaa kwenye kiti cha wifi yake kila baada ya wiki mbili akiwa na shaka moyoni hawezi kuambiwa kwamba ni mambo ya saluni tu.

Kama nimekusoma vizuri, unataka vitu vitatu kwa pamoja: rangi ibaki, nywele zisikatike, na undugu usivunjike. Umeviweka kama vitu vinavyogombana, kwamba ukichagua kimoja kingine kinakwenda. Huenda ndivyo vilivyo. Lakini kabla ya kufika huko, ningependa tuutazame kwanza unywele wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya shaka yako imejengwa juu ya jambo ambalo unywele unaweza kulieleza bila kumsingizia mtu.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Rangi ya kudumu huchanganywa na amonia, ambayo huyainua magamba hayo, pamoja na haidrojeni peroksaidi, ambayo huipunguza rangi ya asili na kuziunganisha chembe ndogo za rangi ndani ya unywele hadi ziwe kubwa, zisiweze kutoka kwa urahisi. Blichi huenda mbali zaidi: inaiyeyusha ile rangi nyeusi ya kuzaliwa na kuuacha unywele ukiwa na matundu. Unywele wa namna hiyo hunywa maji haraka, na kinachoingia haraka hutoka haraka. Sasa tritimenti nayo, ili ifanye kazi, inahitaji magamba yayo hayo yafunguke. Wifi yako anapokustimu kwa nusu saa anafungua mlango ili chakula cha nywele kiingie, na rangi inatokea mlango huo huo.

Tena adui mkubwa wa rangi ni maji yenyewe, hata kabla ya kuisema shampuu. Unywele ukilowa huvimba, na kila ukivimba huachia kidogo. Ongeza joto la maji, joto la mvuke, joto la draya na la pasi, kisha kumbuka kwamba nyekundu na jamii yake zinajulikana kwa kuwahi kupauka kuliko rangi nyingine, hapo utaona kwamba damu ya mzee juu ya nywele zenye blichi ingepungua hata mikononi mwa msusi anayekupenda kuliko wote duniani. Hiyo kutu unayoiona nayo si rangi iliyoharibika. Nywele nyeusi zikipakwa blichi hupitia wekundu, kisha uchungwa, kabla ya kufika kwenye njano. Kwa hiyo rangi ya juu inapoondoka, kinachochungulia ni nywele zako mwenyewe jinsi blichi ilivyoziacha.

Umewahi kumwuliza msusi wa Arusha alikuwekea rangi ya aina gani? Nauliza kwa sababu ya lile taulo la waridi. Rangi ya kudumu iliyosuuzwa vizuri haitoki kwa wingi namna hiyo. Rangi ya muda, ambayo wasusi wengi huipaka juu ya blichi kwa sababu inang'aa sana, hukaa karibu na uso wa unywele na imetengenezwa ili iondoke baada ya kuoshwa mara kadhaa. Hebu uhesabu: umekwenda mara nne, shampuu mara mbili kila safari, kisha maji ya chumvi, kisha maji ya siki. Hizo ni safari kumi ambazo nywele zimeloweshwa. Ikiwa ilikuwa rangi ya muda, basi imefanya kile hasa ilichotengenezwa kukifanya, na huenda msusi yule hakukueleza kwa sababu wewe ulikuwa unajitazama kwenye kioo.

Kuhusu chumvi, wewe ni mtu wa nguo na nina haya kukufundisha kazi yako, lakini chumvi humsaidia mtia rangi wakati kitambaa bado kimo ndani ya sufuria, kwa kuisukuma rangi iliyomo kwenye maji ielekee kwenye uzi. Kanga ikishatoka kiwandani, au nywele zikishatoka saluni, chumvi haina cha kukifunga. Siki iliyotiwa maji mengi inaweza kulaza magamba kidogo kwa sababu ni ya asidi, lakini hairudishi rangi iliyokwisha kutoka. Na floraidi ya Arusha tuiachie meno na mifupa, ambako inajulikana kwa madhara yake. Maji yanayosumbua nywele ni maji magumu, yaani yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, na hayo utayajua bila maabara: sabuni inakataa kutoa povu na sufuria ya kuchemshia inajenga ukoko mweupe. Ni afadhali uliangalie jua. Moshi iko chini kuliko Arusha, ambayo iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini nayo imeinuka, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inayochujua rangi inavyozidi makali, hata siku ambayo umevaa sweta. Unajua vitenge unavyovitundika mlangoni mwa duka vinavyokuwa baada ya miezi miwili. Kichwa chako nacho hukaa mlangoni hapo hapo.

Sasa turudi kwa wifi. Orodha uliyoiandika ya mambo anayokufanyia Jumamosi ni ile ile ya miaka sita. Hujataja hata jambo moja aliloliongeza tangu urudi na rangi, isipokuwa maji ya moto na shampuu kali ulivyonong'onezewa, na ile hisia kwamba mikono inasugua zaidi. Kuhusu maji, huu ni mwezi wa saba. Msusi wa Moshi asiyempashia mteja wake maji mwezi wa saba angelalamikiwa na mtaa mzima. Yawezekana kabisa kwamba kile kilichokuchuja rangi kilikuwa wema wa kukuepusha na baridi. Kuhusu mikono, siwezi kukukatalia ulichokihisi, ila najua kwamba mtu akishanong'onezwa, hata kitana cha kawaida huanza kumchoma. Na huyo mteja aliyekunong'oneza, yeye alipata wapi habari za nia ya mtu?

Sisemi kwamba wifi yako hakuumia. Yale maneno ya “wasusi wa Arusha” yalikuwa mkuki uliofungwa kwenye utani, na kuyasema mbele ya wateja halikuwa jambo la upole. Lakini jaribu kukaa kwenye kiti chake kidogo: mtu aliyekukabidhi nywele zake zikipukutika, ukazilea miaka sita karibu bure, anarudi siku moja amegeuzwa kichwa na mtu asiyemjua, wala haelezi. Hakuuliza, nawe hukusema, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Kimya hicho ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu ya ile retachi ya Jumamosi ijayo. Hapa sitatafuna maneno. Dawa ya kulainisha nywele ni ya alkali kali mno. Kwenye kipimo cha pH ambacho mwisho wake ni 14, dawa nyingi huwa juu ya 12. Ikigusa nywele zilizokwisha kutobolewa na blichi inaweza kuzikata pale pale, mbele ya macho yenu wote wawili. Wifi yako, ambaye kwa unavyojua wewe anadhani hiyo ni rangi tu, anaweza kuichana dawa hadi chini kama kawaida, nywele zikabaki kwenye kitana, na hapo hakuna atakayekuamini wewe wala yeye kuhusu nani alikusudia nini. Chochote utakachoamua juu ya mambo mengine, habari ya blichi imfikie kabla hajafungua kopo.

Baada ya hapo njia ziko kadhaa, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuiahirisha retachi hadi baada ya sendofu, ukapaka rangi ya muda siku tatu au nne kabla ya sherehe, na usiziloweshe nywele tena hadi picha zipigwe. Rangi itakuwa katika ubora wake. Mwiba wake ni nywele mpya: zimeota na zina ugumu wake, na pale zinapokutana na zile zenye dawa ndipo nywele hupenda kukatika, hasa ukizivuta kwa rola au pasi. Utahitaji mtindo usiovuta.

Unaweza pia kuweka retachi kwenye nywele mpya peke yake, zile za chini zikiwa zimepakwa mafuta mazito ya kuzikinga, kisha ukangoja angalau wiki mbili kabla ya rangi. Mpangilio wa kutanguliza dawa na kufuatisha rangi ndio wasusi waangalifu wanaoufuata, kwa sababu dawa ikija nyuma huivua rangi. Lakini hesabu siku zako: ukianza Jumamosi, rangi itaangukia siku chache sana kabla ya sendofu, bila nafasi ya kurekebisha kosa, na yote yanategemea mkono usioteleza hata sentimita moja.

Wazo la kurudi kwenye nyeusi nalo lipo, ingawa hukulitaja. Lingekutuliza, na hapo ukweni pengine lingesomwa kama kuomba radhi, jambo ambalo wewe tu ndiye unayejua kama ungependa lisomwe hivyo. Nyeusi ya kudumu ni ngumu kuitoa ukibadili mawazo, na juu ya blichi nayo hupauka, ikaacha weusi uliofifia usio na uhai. Kusuka rasta ili kuficha mambo yote sitakuchelewesha nako: uzito wa rasta juu ya nywele zenye blichi si mapumziko.

Kuhusu tritimenti zenyewe, sidhani kwamba lazima uchague kati yake na rangi, ingawa kuna mahali utalazimika kupunguza. Nywele zako baada ya blichi zinahitaji kutunzwa kuliko zamani. Kinachoweza kubadilika ni namna. Mafuta ya nazi yakipakwa usiku wa kuamkia siku ya kuosha, bila kupashwa moto, huingia ndani ya unywele na kupunguza jinsi unavyovimba ukilowa. Shampuu laini mara moja badala ya mbili, maji vuguvugu, na suuza ya mwisho kwa maji ya baridi hata kama utasikia meno yanagongana. Tritimenti inaweza kukaa dakika 20 au 30 chini ya kofia ya plastiki kwa joto la kichwa chako mwenyewe, na stimu ukaibakiza kwa safari moja moja. Ni kweli kwamba bila mvuke haitazama sana, na wifi yako akikuambia hivyo atakuwa anasema haki. Hapo ndipo unapouza kiasi cha lishe ili ununue siku za rangi, na bei hiyo ni wewe wa kuipima. Pasi isizidi nyuzi 180, na isiwe ya kila safari. Katikati ya safari hizo kuna kondishona zenye rangi, au rangi ya muda kidogo ikachanganywa na kondishona ya kawaida, ambayo hurudisha kile maji yalichochukua.

Utaona kwamba karibu kila badiliko nililolitaja linapitia mikononi mwa wifi yako, au mikononi mwa msusi mwingine ambaye itabidi umweleze historia yote upya. Kuhama si dhambi, mwanangu. Watu huhama saluni. Lakini ukihama kwa sababu ya mnong'ono ambao hukuuliza ukweli wake, utakuwa unakutana naye kwenye misiba na harusi miaka 30 ijayo ukiwa na swali lile lile. Wapo watakaokushauri umtume mume wako azungumze na dada yake. Nina wasiwasi na hilo: jambo la kitana likishafika kwa kaka wa mtu hugeuka kuwa kesi.

Kama utaamua kusema naye, chagua siku isiyo Jumamosi, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Huna haja ya kuanza na shampuu wala na yule mteja. Unaweza kuanza na lililo lako: “Wifi, kuna jambo sikukwambia. Kule Arusha walinipaka blichi kabla ya rangi, nami nilinyamaza kwa sababu uliposema yale maneno niliona haya.” Sentensi hiyo inamweleza kuhusu nywele, na inamweleza pia kwamba alikuchoma, bila kumshitaki. Anaweza kukasirika. Anaweza kusema “ningejua mimi” mara kumi. Au pengine atakigeuza kichwa chako kwenye mwanga, azishike ncha kwa vidole kama wasusi wanavyofanya, na aanze kukuuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza miezi miwili iliyopita. Utakachokiona usoni mwake hapo kitakusaidia kuamua kuhusu kiti chake kuliko chochote ninachoweza kukuandikia nikiwa mbali.

Jambo la mwisho ni la usalama. Rangi yoyote mpya, hata kama ni ya kopo lile lile la mwanzo, ipakwe kwanza kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na ungoje saa 48. Ikiwasha au kuvimba, usiipake kichwani. Kwa hiyo jaribio hilo nalo liingie kwenye hesabu ya siku zako. Na siku ya kuosha nenda na taulo lako mwenyewe, la rangi ya kukolea. Yale meupe ya wifi yako umeshayatia doa vya kutosha.